Rithy Panh, mtoto wa kambini aliyerudi kwao na kamera

Mwezi Februari 2022, katika tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, tuzo ya Dubu wa Fedha kwa mchango bora wa kisanii ilikwenda kwa filamu ya Mkambodia Rithy Panh. Tuzo hiyo hakuitwaa peke yake. Majina yalikuwa mawili: la kwake yeye mwongozaji, na la Sarith Mang, fundi anayemtengenezea visanamu vinavyochukua nafasi ya waigizaji katika baadhi ya filamu zake. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2020, tamasha hilo hilo lilikuwa limempa tuzo ya filamu bora ya maisha halisi kwa kazi yake iitwayo Irradiés. Nako Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2013, alishinda tuzo kuu ya kitengo cha Un Certain Regard kwa L'Image manquante, yaani Picha Inayokosekana, na mwanzoni mwa 2014 filamu hiyo ikawa ya kwanza kutoka Kambodia kuteuliwa kuwania Oscar. Oscar yenyewe ilikwenda Italia.

Ndugu msomaji unayepanga foleni Kobero na magunia yako ya mchele, au wewe uliyefungua kibanda pale Mugina baada ya kurudi kutoka Tanzania, una haki ya kuuliza habari za Cannes na Berlin zinakuhusu nini. Jibu langu ni fupi. Mtu huyu ni mwenzetu. Kabla ya tuzo zote hizo alikuwa mtoto wa kambi ya wakimbizi iliyo mpakani, na filamu yake ya kwanza aliitengeneza kuhusu kambi ya wakimbizi iliyo mpakani. Kisha alirudi kwao akakuta nchi isiyotaka sana kuzungumza. Nina hakika hadithi hiyo unaijua kwa mwili wako mwenyewe, hata kama hujawahi kulisikia jina lake.

Tuanzie mwanzo. Tarehe 17 Aprili 1975 wapiganaji wa Khmer Rouge waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, wakawatoa watu wote mjini kwa miguu, wagonjwa wa hospitali pamoja nao. Panh alikuwa bado mtoto. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, aliyeanza na ualimu akapanda hadi kuwa ofisa mkubwa katika wizara ya elimu. Huko mashambani walikopelekwa kufanya kazi za kulazimishwa, mzee huyo alifikia hatua ya kukataa kula. Alisema, kwa maelezo ya mwanawe, kwamba chakula kile hakikuwa cha binadamu. Akafa. Mama naye akafa, pamoja na dada na watoto wa ndugu, kwa njaa, magonjwa na kuchoka. Utawala ule ulidumu chini ya miaka minne, na unakadiriwa kuwa ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.7. Mwaka 1979 Panh alivuka mpaka hadi kambi ya Mairut nchini Thailand, na mwaka 1980 akawa Paris.

Ufaransa walimpeleka shule ya ufundi ajifunze useremala. Napenda kituo hiki cha maisha yake kuliko vingine, kwa sababu nawafahamu vijana wengi wa kambini ambao wafadhili waliwapangia useremala au ushonaji bila kuwauliza wanapenda nini. Siku moja katika sherehe mtu alimwekea kamera ya video mkononi. Yule mwanafunzi wa useremala akaishia katika chuo maarufu cha filamu cha Paris, IDHEC, na alipomaliza masomo hakukimbilia kutengeneza filamu ya mapenzi ya wazungu. Alirudi mpakani.

Filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1989, inaitwa Site 2. Hilo ni jina la kambi, na kwa kweli ni namba tu, kama vile watu wale hawakustahili hata mahali penye jina. Ilikuwa kambi kubwa kuliko zote za Wakambodia kwenye mpaka wa Thailand, yenye watu zaidi ya 140,000. Maji yaliletwa kwa malori. Kutoka nje kulikatazwa. Katika halaiki hiyo Panh hakuchagua kiongozi wa kambi wala mtaalamu wa shirika lolote. Alimchagua mama mmoja, Yim Om, akakaa naye na kumsikiliza. Mama anaeleza alikotoka, nyumba yake ilivyokuwa na jinsi siku inavyopita pale kambini. Ndiyo filamu nzima.

Sisi tuliokulia katika kambi za mkoa wa Kigoma tunajua kamera ilivyokuwa ikifika. Gari jeupe lilisimama, mgeni akashuka, akatafuta mtoto mwenye kamasi nyingi kuliko wengine au mama aliyedhoofika, akapiga picha tatu, akaondoka kabla vumbi halijatulia. Sisemi kwamba wageni wale walikuwa wabaya. Pengine picha zao ndizo zilizoleta unga. Lakini katika picha hizo hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa nyumba yao ilikuwaje. Tulionekana kama watu waliozaliwa wakiwa na turubai juu ya vichwa. Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kazi ya kwanza ya Panh: aliyeshika kamera alikuwa amewahi kukaa upande wa pili wake, na alijua kuwa mkimbizi ana habari ndefu za kusema kabla hajafika kwenye habari za mgao.

Mwaka 1992 na 1993 Umoja wa Mataifa uliwarudisha nyumbani Wakambodia zaidi ya 360,000 kutoka Thailand. Hapa naomba msomaji aliyerudi anifuatilie vizuri. Mwanzoni waliahidiwa ardhi, hekta mbili kwa kaya. Baadaye ikaonekana ardhi salama haitoshi, mabomu ya kutegwa yamejaa na nyingine ina wenyewe, ndipo wengi wao wakachukua fedha taslimu: dola 50 kwa mtu mzima na dola 25 kwa mtoto. Ukizikumbuka zile faranga 50,000 kwa kichwa walizopewa wenzetu waliorudi kuanzia 2007, utaona kwamba walioandika mpango wetu hawakuanzia kwenye karatasi nyeupe.

Panh naye alirudi kwao mwaka 1990, ingawa Paris aliendelea kuwa na makazi. Filamu yake kubwa ya kwanza ya hadithi, Neak Sre, yaani Watu wa Mpunga, ilishindania tuzo kuu ya Cannes mwaka 1994, na ndiyo ya kwanza ambayo Kambodia iliiwasilisha kwenye Oscar. Inahusu familia moja inayolima mpunga msimu mmoja. Baba anachomwa na mwiba wenye sumu shambani, mguu unaoza, anakufa. Mama anashindwa kubeba mzigo huo na akili inamtoka. Wanabaki mabinti wenye shamba lisilongoja mtu. Basi. Haihusu mapigano, na hata hivyo kila mtu aliyewahi kurudi kutoka kambini anaelewa ni filamu ya vita, kwa sababu inaonyesha watu waliozoea kulishwa na gari jinsi wanavyojifunza upya kulishwa na udongo. Wadogo zangu wawili waliozaliwa kambini walidhani mahindi hutoka ghalani. Tuliporudi mwaka 2004 walinishangaa kuona ninayafukia ardhini mahindi yaliyofaa kupikwa.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani ningechagua filamu nyingine, ya mwaka 2000, inayofuata wachimbaji wa mtaro wa waya wa kwanza wa mawasiliano ya kisasa kupita Kambodia, kutoka mpaka wa Thailand hadi mpaka wa Vietnam. Jina lake kwa Kifaransa ni La Terre des âmes errantes, Nchi ya Roho Zinazotangatanga. Wanaochimba ni watu wa vijijini waliokuja na wake na watoto, wanalala kando ya barabara na kulipwa kwa urefu wa mtaro waliochimba. Katika udongo wanakutana na mabomu na mifupa ya watu. Waya utakaopita hapo utabeba mazungumzo ya watu wa mbali. Aliyeufukia hana hata umeme nyumbani. Kila nikiona barabara mpya au nguzo mpya karibu na mpaka huwa najiuliza nani alichimba na alilipwa lini. Panh aliuliza, akakaa nao miezi akiwapiga picha wakiuliza hivyo wenyewe.

Nije sasa kwenye filamu ninayoona ni nzito kuliko zote, na ambayo mimi kama mwalimu sikuweza kuitazama kwa siku moja. S21, ya mwaka 2003. Namba hiyo ni ya gereza la Tuol Sleng pale Phnom Penh, ambalo kabla ya 1975 lilikuwa shule ya sekondari. Madarasa yalijengewa kuta za matofali ndani yakawa vyumba vidogo vya mahabusu. Watu zaidi ya 12,000 walipita humo, wakateswa hadi wakakiri mambo wasiyoyafanya, kisha wakauawa. Waliotoka hai wanahesabika. Mmoja wao alikuwa mchoraji Vann Nath, aliyeachwa aishi kwa kuwa aliweza kuchora picha za mkuu wa utawala, Pol Pot.

Panh alimrudisha Vann Nath katika jengo lile lile, na akawaita pia waliokuwa walinzi wake. Hakuwaletea polisi wala hakuwatukana. Alichofanya ni kuwaomba waonyeshe kazi ilivyokuwa ikifanyika. Mlinzi mmoja, aliyekuwa kijana mdogo wakati ule, anaingia katika chumba kitupu na mwili wake unaanza kukumbuka wenyewe: anafungua kufuli lisilokuwepo, anamfokea mfungwa asiyekuwepo, anapeleka ndoo, anatoka, anafunga. Huhitaji kuonyeshwa damu. Baadaye walinzi wanajitetea kwamba wao pia walikuwa waathirika, walikuwa watoto, walilazimishwa, wangekataa wangeuawa. Vann Nath, kwa sauti ya chini kabisa, anawauliza kama wao ni waathirika, basi waliokufa mle ndani tuwaite nani.

Filamu hiyo ilipata tuzo ya François Chalais pale Cannes, na mwaka huo huo ikachaguliwa filamu bora ya maisha halisi katika tuzo za filamu za Ulaya. Lakini angalia mtiririko wa miaka. Mahakama maalumu ya kuwahukumu wakuu wa Khmer Rouge ilikuwa haijaanza kazi. Hukumu yake ya kwanza, dhidi ya Duch aliyekuwa mkuu wa gereza hilo, ilitoka Julai 2010, na mahakama ikafunga mlango mwaka 2022 ikiwa imewatia hatiani watu watatu tu. Vann Nath alifariki Septemba 2011. Kama Panh angesubiri vikao vya sheria, swali la mchoraji lingezikwa naye.

Wapo wanaosema, na nimewasikia hata katika chumba cha walimu, kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba kuchokonoa kidonda ni kuomba usaha. Nawaheshimu, kwa sababu baadhi yao wamepoteza watu wengi kuliko mimi. Lakini methali ile huisha kwa kusema tugange yajayo, na mganga hagangi ugonjwa asioujua jina. Tena katika S21 hakuna kisasi. Panh hakutaka mlinzi achapwe viboko. Alitaka aseme alifanya nini, saa ngapi, kwa agizo la nani, na ufunguo ulikaa wapi. Kwa mtazamo wangu hiyo ni kazi ya kawaida kabisa, kama ya karani, na ndiyo maana inaogopwa.

Picha Inayokosekana ilikuja miaka 10 baadaye, na safari hii Panh alijigeukia mwenyewe. Utawala wa Khmer Rouge ulikuwa umeacha filamu nyingi za propaganda: watu wanabeba udongo kwa furaha, mabwawa yanachimbwa, viongozi wanapiga makofi. Hakuna aliyempiga picha baba yake akifa. Sasa utaonyeshaje kitu ambacho picha yake haipo? Akamwita yule fundi, Sarith Mang. Udongo na maji, kisu kidogo, rangi. Akatokea mzee mwenye suti nyeupe. Akatokea mama, wakatokea kaka na dada, shamba, lori na hospitali ya vijijini iliyojaa watu wanaongoja kufa. Visanamu hivyo havisogei. Kamera ndiyo inayosogea juu yao, na msimulizi anasimulia kwa Kifaransa maneno yaliyoandikwa na Christophe Bataille, mwandishi aliyeshirikiana na Panh pia katika kitabu cha kumbukumbu zake. Mimi niliiona kwenye flashi niliyoazimwa na mwalimu mwenzangu, katika kompyuta ndogo yenye ufa, umeme ukikatika mara mbili. Kwa sisi tuliosomeshwa Kifaransa hakuna kizuizi cha lugha.

Ninachosisitiza ni udongo. Panh hakuwa na fedha za kujenga upya Phnom Penh ya 1975 wala kukodi waigizaji elfu. Alikuwa na kitu ambacho kila mtoto wa kilimani anacho. Watoto wetu hufinyanga ng'ombe na magari kwa udongo huo huo kila msimu wa mvua, na hakuna mwalimu, nami nikiwemo, aliyewahi kuwaambia wafinyange kambi.

Nisimpambe kupita kiasi. Yapo ya kumlaumu, na msomaji makini ameshaanza kuyawaza. Fedha za filamu zake kwa sehemu kubwa zimetoka Ufaransa. Tuzo zake karibu zote ni za Ulaya, na anayekaa katika ukumbi wa Cannes akitoa machozi si mkulima wa Battambang. Mwaka 2008 alitengeneza filamu kutokana na riwaya ya Marguerite Duras, akamweka mwigizaji mkubwa wa Kifaransa, Isabelle Huppert, na mimi kusema kweli sioni ilituongezea nini. Mtu anaweza pia kusema kwamba amekaa miaka 30 juu ya kaburi moja. Hilo la mwisho silikubali, kwani aliyefiwa haambiwi na jirani siku ya kuanua matanga. Lile la fedha lina uzito. Msanii huru anayetegemea mfuko wa nchi iliyowahi kuitawala nchi yake ana uhuru wa aina gani?

Nadhani jibu limo katika mambo mawili. La kwanza ni dogo. Mwaka 2022 alikuwa mwenyekiti wa jopo la waamuzi wa filamu fupi zilizoshindanishwa na kampuni ya TikTok wakati wa tamasha la Cannes. Alipoona kampuni inataka kuwaingilia waamuzi alijiuzulu, akarudi baada tu ya kuhakikishiwa kwamba uamuzi wao utaheshimiwa. Mtu aliyezoea kulamba mkono unaomlisha hafanyi hivyo.

La pili ni kubwa, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwezi Desemba 2006, pamoja na mwongozaji mkongwe Ieu Pannakar, Panh alifungua nyumba Phnom Penh inayoitwa Kituo cha Bophana. Jina hilo ni la Hout Bophana, mwanamke kijana aliyefungwa Tuol Sleng na kuuawa mwaka 1977 pamoja na mumewe. Barua za mapenzi alizomwandikia mume wake zilikutwa katika jalada la gereza, na Panh alikuwa ameshatengeneza filamu kumhusu mwaka 1996. Kazi ya nyumba hiyo ni kukusanya picha, filamu na sauti za Kambodia zilizotawanyika duniani: zilizopigwa na Wafaransa enzi za ukoloni, na wanahabari, na mashirika, na watu binafsi. Ikumbukwe kwamba kabla ya vita nchi ile ilitengeneza mamia ya filamu zake yenyewe, na zilizookoka ni chache mno. Mtu yeyote anaingia, anakaa mbele ya kompyuta, anatafuta, anatazama bure. Vijana wanafundishwa kushika kamera na kurekodi sauti. Baadaye kituo kilitengeneza hata programu ya simu ya kuwafundisha wanafunzi historia ya miaka ile. Haikuwa anasa, maana kitabu cha kufundishia historia hiyo katika sekondari za Kambodia kilichapishwa mwaka 2007, miaka 28 baada ya utawala ule kuanguka.

Dubu wa Berlin hukaa kabatini kwa mtu. Nyumba ile inafunguliwa asubuhi, na mjukuu wa Yim Om, kama yupo, anaweza kuingia na kumwona bibi yake akizungumza mwaka 1989. Kwa hiyo mtu akiniuliza tuzo za Rithy Panh zilimpa nini, nitamjibu kwamba zilimpa jina la kugongea milango, na milango aliyogonga ilifunguka upande wa kwao.

Sasa tujiangalie. Hatuko watupu. Mwaka 1992 Léonce Ngabo alitengeneza Gito l'ingrat, filamu ndefu ya kwanza ya hadithi ya Burundi, inayomhusu kijana anayerudi kutoka Paris na diploma akidhani uwaziri unamngoja. Tulicheka, na tulijiona. Lakini kambi? Miaka 10, 12, kwa wengine 20, ya maisha ya mamia ya maelfu ya watu imehifadhiwa wapi? Mashule tuliyojenga kwa mikono, walimu waliofundisha kwa posho isiyotosha sabuni, masoko yaliyochipuka kando ya uzio, kanuni ile ya kutovuka kilomita nne. Picha zetu ziko katika hifadhi za mashirika huko Ulaya na Marekani, zenye maelezo mafupi chini yake yasiyo na majina yetu. Kambi yenyewe ikifungwa, vibanda hubomolewa na msitu hurudi haraka kuliko mtu anavyodhani.

Hili si suala la hisia tu. Niliporudi nilitakiwa na ofisi moja kuthibitisha miaka yangu minne ya sekondari. Cheti nilikuwa nacho. Walitaka daftari la shule linaloonyesha kwamba nilikuwepo darasani. Daftari hilo hakuna aliyejua lilikoishia. Nilizunguka miezi saba nikitafuta mashahidi wawili waliosoma nami, na mmoja wao nilimpata sokoni upande wa pili wa mpaka akiuza ndagala. Wenzangu waliokosa mashahidi walirudia darasa wakiwa na watoto, au waliacha. Wengine wameshindwa katika kesi za ardhi kwa kukosa karatasi inayoonyesha walivuka mwaka gani. Kumbukumbu ikipotea, hasara huanzia kwa mnyonge, kwa sababu mwenye nguvu haulizwi ushahidi.

Ndiyo maana natoa wito wangu kwa watu wawili. Kwako uliyerudi: ile kadi ya mgao, ile karatasi ya safari, picha uliyopigwa na mpiga picha wa kambini kwa shilingi za Tanzania mbele ya pazia lenye ua, usiviwashie moto jikoni. Andika nyuma yake jina, mwaka na kijiji cha kambi. Mkalishe mama mbele ya simu akueleze nyumba yenu ilikuwaje kabla ya kukimbia, kisha akueleze siku moja ya kambini tangu asubuhi hadi usiku. Na kwako mfanyabiashara: wewe ndiwe unayevuka. Upande ule wapo waliobaki, wapo Watanzania waliokuwa majirani na wateja wetu, nao wana picha na habari zetu kuliko tunavyojua. Kuna wazee kule wanaokumbuka nani alizikwa wapi. Gunia la mchele halitaongezeka uzito kwa bahasha moja.

Nyumba kama ya Bophana hatuna, na sitarajii kuiona ikijengwa kesho. Chumba kimoja chenye kufuli katika shule au katika tarafa kingetosha kuanzia, pamoja na kompyuta moja na kijana mmoja anayejua kupanga majalada. Wanaosimamia fedha za miradi ya waliorudi wamejenga mabomba na vituo vya afya, na hakuna anayepinga. Chumba hicho ni bei ya semina mbili za hotelini.

Katika kilima chetu yupo mzee aliyekuwa kiongozi wa kijiji kambini. Alirudi na madaftari manne aliyoandika majina ya wote waliozaliwa na wote waliofariki katika kijiji chake cha kambi tangu 1996, kwa kalamu ya wino wa bluu, mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Panya wameshakula kona za moja. Tangu muhula uliopita wanafunzi wangu wa darasa la tisa huenda kwake Jumamosi kuyapiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na msichana mmoja aliyakuta humo majina ya kaka zake wawili ambao nyumbani hawajawahi kutajwa. Wamemaliza daftari la kwanza, na la pili wamefika mwezi Machi 1999.